Yakuti ya Mama Thembo

Fedha imelegea, Thembo;
kucha zake zinashika jiwe kwa mazoea tu.
"Itie motoni ikaze," wasema, "yakuti haiogopi."
Kweli. Lulu huungua, feruzi hupotewa na rangi,
zumaridi hupasukia ufa iliozaliwa nao;
yakuti hukaa kwenye joto ikikutazama.

Ila nimeiweka chini ya lenzi.
Ndani mna kiputo kimoja cha hewa,
kidogo kama yai la chawa.

Kioo.
Pengine taa ya nyuma ya lori la Kilembe,
wakati ule shaba ikishuka Kasese
na baba yako akiahidi vitu.

Nimekizika kwenye mchanga laini,
nikapandisha tanuri hatua kwa hatua,
nikalishusha vivyo hivyo, mlango umefungwa.
Yakuti nisingeikeshea.
Hiki nimekikeshea, na blanketi mabegani,
baridi ya Rwenzori ikipenya chini ya mlango.

Asubuhi kucha zimekaza, zinauma kidole.
"Yakuti imestahimili?"
"Imestahimili," nasema,
nikitafuta chenji yako, elfu mbili,
kwenye droo, muda mrefu kuliko inavyohitajika.