Kaa la Moto Halitoki

Asubuhi ya kwanza ya Mei, huko kwetu Kerry,
moto hautoki nyumbani.
Si kaa, si majivu, hata kiko cha mgeni
hakivuki kizingiti kikifuka.

Mama alikwisha kuweka kiatu cha punda chini ya pipa,
chumvi kidogo kwenye kifuniko,
na kitawi cha mrowani kikizunguka kiuno chake
kama shanga.
Akashika mchi. Du. Du. Du.
Maziwa yakaitika kwa sauti ya maji.
Saa nzima, sauti ya maji.
Akanipa zamu. Mikono yangu ya miaka tisa
ikafa ganzi, na ndani bado povu,
povu jembamba, jeupe, lisilo na haya.

"Kuna mtu ameichukua," akasema.
Hakusema nani. Alitazama dirishani.

Nami nilikuwa nimemwona
Nábla, mjane wa Tadhg,
alfajiri, kwenye malisho yetu,
akiburuta kitambaa juu ya umande,
akikikamua, akikiburuta tena.
Wanasema ndivyo siagi inavyoibwa:
unaukokota umande wa mwenzio
ukiuambia, njoo kwangu, njoo wote.
Nilimwona. Sikusema.
Kitambaa kile kilikuwa cha mtoto.

"Mungu aibariki kazi."
Ni yeye, mlangoni, na chungu kitupu.
Moto wake umezimika usiku, mtoto ana homa,
anaomba kaa moja tu.

Mama hakujibu. Akamwonyesha mchi,
kwani aingiaye penye kusukwa siagi
sharti apige, asije akaondoka na bahati.
Nábla akaweka chungu chini,
akakunja mikono ya gauni,
akapiga mara kumi na tatu, nilihesabu,
na sauti ikageuka:
ikawa nzito, ikawa ya tope, ikawa ya kitu.
Siagi ikaja, njano kama maua ya kinamasi.

Hadi leo sijui mama aliona nini pale,
mwizi aliyerudisha
au mikono tu yenye nguvu kuliko yetu.
Donge la kwanza alilibandika ukutani
kwa ajili ya wale wa kilimani, tusiowataja.
La pili alilifunga katika jani la kabichi, akampa.

Mkono mtupu haulambwi, sawa.
Lakini siagi haipashi chumba joto.
Nábla akashukuru. Akatazama mara moja
mboji ikiwaka mekoni mwetu,
akachukua chungu chake, kitupu vilevile.

Jioni nilichungulia paa lake.
Halikutoa moshi.
Mkate wangu ulikuwa umepakwa siagi
hadi pembeni kabisa.