Nusu ya Joho

Katekista alisoma tangazo baada ya komunyo:
Sikukuu ya Watakatifu Wote
kila mtoto aje amevaa kama somo wake.
Akaongeza, akikunja karatasi,
kwamba duka moja pale Nyawera linakodisha kanzu,
dola tano kwa siku, zirudi safi.

Zirudi safi! Mwezi wa kumi na moja, Bukavu,
matope yakitupanda hadi magotini.

Nina watoto watatu.
Kabla padri hajainua mkono wa baraka
nilikuwa nimeshapiga hesabu:
dola kumi na tano ni unga, ni makala,
ni sukari ninayodaiwa na Mama Nsimire
aliyeketi benchi la mbele yangu,
shingo yake yenyewe ikinidai.

Nikapanda Kadutu ngazi kwa ngazi
nikikagua nyumba za watu kama mwizi:
waya ule, unafungia nini?
Shuka lile, lina kazi gani tena?

Tukaanza na Sesilia.
Chandarua cha bure, panya wamekila;
kila tundu nikalizungushia uzi wa buluu
mpaka matundu yakawa maua.
Kinubi chake, nusu ya bidoni ya manjano
na nyuzi tano za wavu wa sambaza.
Akapiga. Kikalia kama mbu.
Akaridhika.

Petro alitaka funguo.
Baba yake, Mugaruka, akavuta mtoto wa meza
akazimwaga mkekani:
sisi tuna funguo nyingi kuliko milango.
Huu wa chumba cha Panzi, tulichofukuzwa.
Huu wa kufuli lililoibwa, mwizi akatuachia ufunguo.
Na huu mrefu, wa Bunyakiri,
nyumba tuliyoifunga Jumanne moja
tukisema, siku tatu tu.
Mugaruka akaufuta kwa shati lake, pande zote mbili,
akautia wa kwanza kwenye kamba.
Mtoto akauliza, Huu ndio unafungua mbinguni?
Hakuna aliyemjibu. Mimi nilitafuta sindano
iliyokuwa mkononi mwangu.

Vizibo arobaini na kimoja vya bia, toka baa ya Kwa Deo,
tukavipondaponda kwa jiwe vikawa mataji matatu.
Mtaa mzima ulijua
utakatifu wetu una kelele.

Akabaki Martini.
Martini anataka joho jekundu, na nyumba nzima
haina kitu chekundu ila nyanya.
Pazia jekundu analo Mama Nsimire.
Nilisimama mlangoni kwake, mate yamenikauka.
«Umeleta pesa?»
«Sijaleta.»
«Basi umeleta nini?»
«Haja.»
Akacheka bila kutaka. Nikamweleza:
mtakatifu huyu alikata joho lake kwa upanga
akampa maskini nusu,
kwa hiyo pazia zima silihitaji.
Akamtazama mjukuu wake, Cikuru,
ambaye jina lake halimo katika kalenda ya parokia
na hakuna aliyekuwa amemuuliza atavaa nini.
Akashusha pazia. Akaleta mkasi.
«Lakini maskini,» akasema, «ni wangu.
Na apewe nusu kubwa.»

Siku yenyewe mvua ilitukuta kwenye ngazi.
Kanzu za kukodi zilikimbilia barazani
mama zao wakizishika pindo, wakiogopa faini.
Martini na Cikuru wakaunganisha nusu zao juu ya vichwa
wakaendelea kushuka, miguu minne
chini ya paa moja jekundu,
rangi ikiwachuruzika masikioni,
na Petro nyuma yao akilialia na funguo zake:
Ningojeni, ningojeni.

Jioni nililishona pazia, kwa mkono, sina cherehani.
Mshono haukunyooka.
Limerudi dirishani kwake, na asubuhi jua likipita
unaona kovu linavyoteremka katikati.

Sukari bado ananidai, kilo mbili.
Juzi alinikumbusha, mbele ya watu,
kisha akanipimia ya tatu.