Kilo Ishirini na Nne

Mimi hufunga nyuzi za raketi
katika duka la Hardie, Barabara ya Perth, Dundee.
Mashine yangu ina mkono wa chuma unaovuta
na mshale unaosema kilo ngapi.
Mwanadamu hana mshale huo,
ndiyo maana nilichelewa kumjua Eilidh Rattray.

Alikuja na miaka kumi na minne,
soksi moja juu, moja imeporomoka.
"Ishirini na nne," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate.
Jioni nikapita viwanjani.
Wallahi, mpira ulikuwa unamsikiliza.
Wasichana wa Fife walirudi kwenye gari lao
wakitazama viatu.

Halafu ikaja karatasi.

Kila Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, Bwana Geddes
huibandika kwenye kioo cha mlango wa klabu,
kwa ndani, mvua isije ikaisoma kabla ya wachezaji.
Majina sita kwa wino.
La saba chini ya mstari, kwa penseli.
Nimeona watu wazima wakiisoma
kama wasomavyo majibu ya hospitali.

Mwanzoni alikuwa wa pili.
Mechi na Aberdeen, anaongoza tano kwa mbili,
akarusha mpira juu aanzishe.
Mpira ukapanda, mkono ukabaki.
Akaudaka. Samahani.
Akarusha tena. Akaudaka.
Kisha wavuni, wavuni,
nje, wavuni.
Kwenye benchi kalamu ya Geddes ikafunguka: tik.
Sauti ndogo kuliko ya mende.
Naapa aliisikia.

Alhamisi iliyofuata, wa tano.
Halafu wa sita.
Halafu penseli.

Haya, niambie kipi kilitangulia.
Aliogopa akaachwa; alipoachwa, akaogopa zaidi,
na Geddes, ambaye si mtu mbaya,
akasema anamlinda.
Jumanne mazoezini anawafunga wote walio juu ya mstari,
Jumamosi anawashikia chupa za maji.
Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga.
Hawakunena lolote juu ya mcheza kwao
anayeketi pembeni, zipu imefika kidevuni,
akipiga makofi pale panapostahili.

Daftari la duka linakumbuka kuliko mimi:
Mei, ishirini na nne.
Juni, ishirini na tatu, eti kiwiko kinauma.
Agosti, ishirini na mbili.
Machi, ishirini.
Nikamwambia, binti, hizi si nyuzi tena, ni chandarua.
Hakucheka.
"Zikilegea," akasema, "sizisikii zikitetemeka."

Zikitetemeka nyuzi!
Usiku ule nilikaa na raketi yake mapajani.
Nikafunga ishirini na nne.
Kwenye kikaratasi nikaandika ishirini.

Jumamosi Isla Petrie aliteguka kifundo
akishuka basini, nusu saa kabla ya mechi.
Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na Alhamisi,
hata muda wa kutapika hapakuwa.
Eilidh aliingia na soksi moja imeporomoka.
Alishindwa, saba kwa tano seti ya tatu,
lakini hakuudaka mpira hata mara moja,
na mama wa mpinzani, kwa kujisahau, alisimama kumpigia makofi.

Alhamisi, wa sita. Kwa wino.
Nilikuwa ng'ambo ya barabara na sambusa yangu.
Nilimwona akisogea hadi pua ikakaribia kioo,
pumzi yake ikakifunika,
jina likazama ukunguni,
naye akafuta haraka kwa mkono wa sweta
aone kama bado lipo.

Ijumaa akaja dukani.
"Ulinidanganya," akasema.
"Ndiyo."
Akaweka raketi juu ya meza.
"Leo nifunge ngapi?" nikamwuliza.
Akatazama mashine. Akatazama mkono wake.
Nje mvua ya Dundee ilikuwa ikianza
kwa ubavu, kama kawaida yake.
Mkono wa chuma ukasubiri.
Nami nikasubiri.