Jumanne kwa Dobi wa Sarafu

Winnipeg, mtaa wa Sargent, saa moja usiku.
Nje baridi ya kukata pua,
ndani mashine kumi na mbili zinakoroma kwa kupokezana,
na juu ya ile ya kumi, inayokula sarafu bila kufua,
runinga imefungwa kwa mnyororo
utadhani kuna mwenye nguvu za kuiiba.

Humo ndimo wanamoishi kina Tibbet.
Watu wa kuchorwa, vidole vinne vinne:
baba muuza magodoro asiyepata usingizi,
bibi anayeficha barua kwenye friza,
kobe mmoja, mwenye kinyongo,
na mama, Marnie, ambaye kila akitokea
amebeba kapu la nguo.

Mzee Ostap hacheki kwa mdomo. Hucheka kwa mabega.
Ukitaka kujua kama kichekesho kimeiva
mtazame mgongoni.
Delphine, kila baba akiporomoka ngazini, hupiga paja:
"Kaka yangu huyo! Clément mtupu,
wamemnyima ndevu tu!"
Ligaya, akitoka zamu ya hospitali, viatu mkononi,
huhesabu vyombo kwenye meza ya watu wa katuni.
"Sahani tisa," husema. "Nani atakayeziosha?"
Na vijana wawili wenye kofia za sufi,
ambao nguo zao huwa zimekauka zamani,
husema maneno ya baba kabla baba hajayasema,
kama maamuma wanaomtangulia imamu.

Mimi nilikuwa nacheka kwa mkopo.
Zawena, miaka minane, ndiye mkalimani wangu:
wenzetu wanacheka, yeye ananong'ona,
nami nafika kwenye kicheko wao wameshaondoka.
Kichekesho kikishaelezwa ni chai iliyopoa,
unainywa kwa kumstahi aliyeipika.
Kobe tu ndiye sikuhitaji kuelezwa.
Kobe namjua. Nina mawifi wanne.

Jumanne hii Marnie ameweka kapu chini.
Hivi hivi. Katikati ya sebule.
Akatoka na kandambili kwenye theluji ya rangi,
akaingia garini, akafunga mlango,
akakaa.
Hakuwasha. Hakulia. Mikono kwenye usukani,
vile vidole vyake vinane.
Ndani ya nyumba baba anauliza: soksi zangu ziko wapi?

Hapakuwa na wa kucheka.
Mashine ya sita ililia kuwa imemaliza, hakuinuka mtu.
"Msimu huu wameharibu," akasema kijana mmoja.
"Zamani walikuwa wanachekesha."
"Nyamaza," Delphine akamwambia, bila ukali.
Ligaya alikuwa amesimama, kiatu kimoja mguuni.
"Asirudi," akaiambia runinga. "Bado kidogo. Mwacheni akae."
Kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tukimwita.

Baba akazunguka nyumba nzima. Chumbani. Bafuni. Uvunguni.
Mwisho akafungua mashine ya kufulia,
akaingiza kichwa hadi mabegani
na mle ndani, kwa adabu,
akaita jina la mkewe.

Nikacheka.
Kicheko cha tumboni, cha kikwetu, chenye machozi,
kikatoka kabla Zawena hajafungua mdomo,
kabla ya wale vijana, kabla ya mabega ya Ostap.
Mtoto akanigeukia kama aliyenyang'anywa kazi.
"Mama. Nani amekwambia?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na shuka la futi sita,
bado la moto, na mikono miwili.
Ostap akaja, akashika pembe za upande wa pili,
tukakunja, tukasogeleana, tukakunja.
Juu yetu majina yalikuwa yakipanda haraka,
madogo mno kusomeka.
Marnie bado yuko garini.
Yule kijana bado analalamika.