Ndoo ya Mchele

Jina langu Sikudhani, na kweli sikudhani
kikadi chepesi kama ganda la karanga
kingeninunulia friji Kariakoo
kisha kininyime usingizi Tandika
miezi kumi na minne.

Kila mwezi nililipa kile kiasi cha chini,
riba ikaumuka kama donge la maandazi usiku wa joto.

Sasa kadi nimeizika kwenye ndoo ya mchele.
Nikiitaka, nichovye mkono hadi kiwiko,
nijiulize: mshahara ukitoka, utakuwa wa nani?

Jana nilimaliza deni.
Nikafungua friji: maji, nusu limau.
Nikakaa sakafuni, mlango wazi,
nikipunga ubaridi,
uniti za Luku nilizolipia kabla
zikiisha taratibu,
zangu.