Mchagua Jembe

Duka liko Al-Khuweir, nyuma ya kinyozi,
kiyoyozi kinakohoa mlangoni.
Nimeingia na pochi na cheti cha daktari
aliyeandika "mazoezi" kwa mwandiko wa kuku.
Raketi zimetundikwa ukutani safu kwa safu
kama ng'onda juani.

Naambiwa nichague.
Nichague vipi? Raketi pekee niliyopata kuishika
ni ile ya umeme, ya kuulia mbu,
tunayoichaji kando ya friji.

Shibu, kijana wa duka, ni mtu wa Kerala.
Kiarabu chake na changu vimekutana njiani,
vyote viwili vikichechemea.
Umeshawahi kucheza? aniuliza.
Utotoni, namwambia. Mdako.

Hakucheka. Akaniteremshia ya kwanza,
nyeusi, nyembamba, kichwa kidogo kama chujio la chai.
Ya mabingwa, asema. Riali tisini na tano.
Naipima mkononi: mchi.
Mchi mtupu. Na mkono huu
umetwanga vya kutosha.

Ya pili ya waridi, riali sita.
Nikaigonga kwa ukucha, ikalia
kama sinia lililoponyoka harusini.
Nyepesi, nyepesi mno, kipepeo cha mkaa.
Ningeweza kuipepea mishikaki,
mpira ungenirudia na salamu zake.

"Shika," asema Shibu,
"sasa penyeza kidole cha mkono wa pili
baina ya ncha za vidole na kiganja.
Kikikwama, mpini mwembamba.
Kikipwaya, mnene."
Nikapenyeza kidole cha shahada,
kilekile ninachokiinua kwenye tahiyatu,
na leo kinatoa ushahidi juu ya mpini.
Kiliingia. Kikatulia.
Miaka hamsini na moja nimeubeba mkono huu
bila kujua una mlango.

Simu. Mama, kutoka Mabela.
Uko wapi?
Nachagua raketi.
Kimya. Halafu:
"Mchagua jembe si mkulima."
Akakata.

Mama hakuchagua jembe.
Alitoka Chake na masanduku mawili,
akapewa jiko, akapewa mume,
akapewa milima isiyo na jani hata moja,
akalima vyote.
Na mimi nilipewa: kazi ya mita za maji,
nyumba ya ghorofa ya tatu,
hata hii sukari ya damu ni urithi.
Basi leo, mama,
niache nisimame mbele ya ukuta huu
nijifanye si mkulima.

Ya tatu ya samawati, gramu mia mbili na sitini,
kichwa kipana kama kawa.
"Hii inasamehe," asema Shibu,
na neno hilo kalitamka kwa Kiarabu safi, bila kuchechemea.
Ukipiga kombo, mpira bado utakwenda.
Namtazama usoni nione kama anauza au anafariji.
Anauza. Riali kumi na tisa na nusu.

Nikaijaribu palepale, baina ya viatu na mipira:
pigo langu la mbu, la ghafla, la kutoka juu, lenye kisasi.
Shibu akarudi nyuma hatua mbili.
"Taratibu, mama. Mpira haung'ati."

Akanipunguzia hadi kumi na nane,
na mfuko wake, zipu mbovu.

Saa tatu usiku, uwanja wa mtaa, Ghubra.
Joto bado limekaa chini kama mgeni asiyeaga.
Thuwaiba upande wa pili na raketi ya mwanawe,
taa moja inapepesa.
Mpira wa kwanza umevuka uzio, umeshuka wadini.
Wa pili sikuuona.
Wa tatu nimeupiga kwa mpini,
na hakuna raketi inayosamehe hilo.

Wa nne ukaja polepole,
ukagonga katikati, katikati hasa ya nyuzi.
Sijui niifananishe na nini sauti ile.

Umekwama wavuni, ndiyo.
Lakini sauti ile.