Viatu Kitandani

Bibi yangu Bronė alilala na viatu.
Si kandambili, si soksi nzito: buti za ngozi,
kamba zimekazwa hadi juu ya kifundo cha mguu,
chini ya mfarishi wa manyoya ya bata,
Kaunas, ghorofa ya nne, mwaka baada ya mwaka,
na shuka zetu zilitoboka upande wa miguuni tu.

Hakutueleza. Tulijua vipandevipande,
kama mtu anavyoijua nyumba gizani kwa kugonga goti:
Juni, kabla ya alfajiri, kitako cha bunduki mlangoni,
dakika ishirini. Mama yake akabeba cherehani.
Cherehani! Na ndiyo iliyowalisha huko Siberia,
kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza
kuhusu viatu vya Algis, kitinda mimba,
vilivyobaki chini ya benchi kando ya jiko,
ncha zimeelekea mlangoni
kama vinavyosubiri kuvaliwa.

Baridi ya kwanza ilimla kuanzia vidoleni.
Alikuwa na miaka mitatu.
Bibi alikuwa na kumi na mmoja,
na asubuhi ile ilikuwa zamu yake kumvisha.

Hilo la zamu nililisoma kwenye faili la mama.

Mama, Danutė, alizaliwa baada ya kurudi.
Treni hakuiona. Theluji aliyoijua ni ya kuchezea.
Lakini Novemba moja, nikiwa na miaka minane,
alianza kuokota viatu vya majirani kwenye ngazi,
akavipanga bafuni kwetu, vidogo mbele,
akavihesabu kwa sauti, akavihesabu tena,
na kila hesabu ilipungua pea moja.

Wakaja kumchukua, hospitali ya ng'ambo ya mto.
Majirani walisema kichaa. Baba alisema uchovu.
Daktari aliandika neno refu la Kilatini.
Bibi hakusema kitu, alimenya viazi,
gunia zima, jioni moja, kwa watu watatu.

Lipo donda liitwalo ndugu,
halisikii dawa, halikauki.
La kwetu lina jina, lina umri,
na matanga yake hayajaanuliwa
kwa sababu hayakuwahi kuwekwa:
nani angeomboleza ndani ya behewa,
na baadaye, nani angeruhusiwa?

Ugnė wangu ana miaka minne.
Tuliapa, mimi na mke wangu, hatasikia lolote,
kana kwamba haya mambo hupitia masikioni.

Jana usiku alipanda kitandani na viatu.
Nilisimama. Mkono wangu ukashika fremu ya mlango.
Nilisikia, naapa, maganda ya viazi yakidondoka kwenye beseni.
Nikamwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu,
kwa nini, mwanangu, kwa nini umevivaa?

Akanitazama kama ninavyomtazama mtu asiyejua kusoma.
"Ni vipya," alisema.

Vipya. Vyekundu. Vina kipepeo kwenye kisigino.

Nilimwacha. Alipokoroma nikavivua polepole,
miguu ilikuwa na moto wa mkate,
vidole kumi, nilivihesabu, nikavihesabu tena,
nikajikamata, nikaacha.
Viatu nikaviweka sakafuni,
ncha zikielekea mlangoni.

Kisha nikavigeuza.

Kisha nikakaa hapo, kwenye zulia,
hadi tramu ya umeme ya kwanza ikapita chini,
nikiwa sijui vikae upande gani.